Namna ya kuchagua masomo ya kiangazi nje ya nchi

Kwanza jiulize unafuata nini, krediti za digrii, lugha, utafiti au fildi (mafunzo ya vitendo nje ya darasa), maana ukibeba vyote kwa wiki chache utachoka bure. Kabla hujalipa chochote mtumie mkuu wa idara yako silabasi ya kozi unayoitaka, akubali kwa maandishi kozi ile itahesabiwa badala ya ipi ya kwenu, hapa ndo wengi wanaumia jamani, wanasoma wanafaulu halafu krediti zinakataliwa. Ulaya wanatumia ECTS, yaani mfumo wao wa kuhesabu krediti, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kwahiyo kozi ya krediti 6 ndani ya wiki 4 ni kama saa 40 kila wiki, usiongeze ya pili. Kama unafuata lugha, mtihani wa kupima kiwango chako ufanye mwenyewe bila kusaidiwa. Matokeo rasmi yaombe kabla hujaondoka huko kurudi nyumbani.