Akwariamu ya maji chumvi Dodoma: usijaze samaki wiki ya kwanza

Wakuu habari zenu. Mimi natunza akwariamu za watu hapa Dodoma, za maji baridi nyingi, za maji chumvi chache, na simu ninazopigiwa karibu zote zinafanana: fundi, jana nimeweka samaki sita, leo wanne wako juu wanahema. Nikiuliza tanki lina muda gani naambiwa wiki. Na maji yanang'aa kabisa, kwahiyo mtu haelewi kimewapata nini.

Ni amonia, ni sumu, na haionekani kwa macho. Samaki anaitoa kwenye matamvua muda wote, chakula kilichobaki nacho kikioza kinaitoa. Kuna bakteria wanaoila wanaigeuza nitriti, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo haina makali sana, ila kwenye tanki jipya bado hawapo wa kutosha, wanaota polepole kwenye mawe na filta, wiki 4 mpaka 6 hivi, na wanaongezeka kwa kadiri ya msosi wanaopata. Kutupia samaki sita kwa mpigo ni sawa na harusi ya watu mia tano halafu mwosha vyombo mmoja.

Mtu wa Dar akiharibu anachukua madumu anaenda kuchota baharini. Sisi bahari iko zaidi ya kilometa 400 kwa barabara, kila lita unaichanganya mwenyewe, ndo maana huku haraka inauma zaidi.

HATUA YA 1: MAJI
Maji ya bomba hapa mengi yanatoka visima vya Mzakwe, angalia ukoko mweupe kwenye birika lako utaelewa. Tumia yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba na kuacha chumvi na madini nje. Chumvi iwe ya akwariamu, siyo ya mezani wala ya mawe, gramu 36 hadi 38 kwa lita, zungusha na pampu mpaka kesho yake ndo upime uzito wa maji kulinganisha na maji matupu, unataka 1.025, joto nyuzi 25 au 26.

HATUA YA 2: MAWE, MCHANGA, PAMPU
Nunua mawe makavu, usimtume mtu akavunje matumbawe baharini. Pampu moja ielekeze juu maji yacheze, kwasababu tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko pwani, na maji ya chumvi yenyewe yanashika oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni lazima, umeme ukikatika usiku hutajua.

HATUA YA 3: LISHA TANKI LISILO NA SAMAKI
Hapa ndo watu wanaponishangaa. Chukua kamba mbichi mmoja, mtie ndani ya kipande cha soksi ya kike nyembamba, mning'inize kwenye maji aoze. Soksi ni ili umtoe kirahisi, maana siku ya nne harufu yake siyo ya sebuleni. Anza kupima amonia na nitriti kwa kipimo cha matone kila baada ya siku mbili, andika kwenye karatasi ubandike ubavuni mwa stendi. Utaona amonia inapanda, inaanza kushuka, nitriti inapanda, nayo inashuka. Chupa za bakteria za dukani zinasaidia kuharakisha, mimi natumia, ila sijawahi kuiamini chupa kuliko kipimo.

Baadaye vioo na mchanga vitapata vumbi la kahawia. Ni la kawaida kwa tanki jipya, usihangaike na dawa.

Sasa niwaambie ya kwangu. Mwaka juzi mteja mmoja alikuwa na tafrija Jumamosi, tanki lina siku ya 9, amonia bado inasoma, akaniambia fundi we weka tu nitalipa. Nikaweka. Samaki klauni wawili, samaki kipepeo mmoja, vidamseli vya bluu vitatu na samaki mmoja aina ya kangaja. Wageni wakapiga picha sana. Jumapili asubuhi nafika, kangaja kaganda mbele ya pampu mdomo wazi, matamvua yanapiga harakaharaka, kipimo nikitia matone kinaenda kijani nzito. Mpaka Jumatano kabaki kidamseli kimoja. Nililipa nusu ya hasara na haki yangu, kwasababu mimi ndo nilikuwa najua.

HATUA YA 4: MTIHANI
Toa kamba. Weka amonia ya chupa mpaka isome miligramu 2 kwa lita, isiwe na sabuni wala manukato. Baada ya saa 24 pima, amonia sifuri na nitriti sifuri, ndo umefaulu. Ikisoma hata kidogo, subiri wiki urudie. Ukifaulu badilisha maji kama nusu kupunguza nitrati.

HATUA YA 5: SAMAKI WA KWANZA
Mmoja, au klauni wadogo wawili, basi. Muulize muuzaji maji yake yana chumvi kiasi gani, andaa ndoo yenye kipimo hichohicho kabla mzigo haujafika. Ukitoka Dar kwa basi samaki anakaa kwenye mfuko saa nyingi, hewa anayotoa inayafanya maji yawe na asidi kidogo na amonia karibu yote inakuwa kama imelala, ukifungua mfuko ile hewa inatoka na amonia inaamka. Kwahiyo elea mfuko dakika 15 ukiwa umefungwa ili joto lilingane, fungua, mhamishe kwenye ndoo fasta, maji ya mfuko mwaga. Habari za kudondosha maji ya tanki tone tone kwenye maji ya mfuko kwa saa mbili ili samaki azoee ni za mtu ambaye duka lipo mtaa wa pili.

Mweke ndoo au tanki la pembeni wiki 4 umwangalie kama ana vidoa vyeupe. Ukitibu na dawa ya shaba tibu hukohuko, shaba inaua konokono na kamba. Hicho kitanki nacho kina amonia yake, pima na ubadilishe maji.

Akishaingia tanki kubwa pima siku ya 1, ya 3 na ya 7. Sifuri zote? Subiri wiki mbili ndo uongeze mwingine. Vidamseli viwe vya mwisho, vina ubabe wa kulinda mtaa. Kangaja kwa tanki la lita 200 usiniulize, anakua mkubwa.

Amonia ikionekana: acha kulisha siku mbili, badilisha maji asilimia 30 mpaka 50, ongeza hewa. Ndo maana kwangu hakikosekani dumu mbili za lita 20 zilizokwisha changanywa, na ya tatu ya maji matupu yaliyochujwa, kwasababu kwa upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba maji yanapungua kila siku ila chumvi haipungui, ukijazia ya chumvi unawaua kwa njia nyingine.