Filamu ya rangi isiyojaa chenga inaposkaniwa: namna ya kuichagua

Anayeanza kupiga picha kwa filamu ya rangi akiuliza ni ipi isiyo na chenga, kwa kawaida hujibiwa kwa nambari tu: chukua ya ISO 100 (nambari ya wepesi wa filamu kupokea mwanga), achana na ya 400. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limewaharibia picha watu wengi, kwa sababu chenga tunazoziona kwenye kioo cha kompyuta hutokana na mwanga ulioingia kwenye kamera, na namna skana ilivyotumiwa, karibu sawa na zinavyotokana na filamu yenyewe.

Inafaa kwanza kujua chenga ni nini. Filamu ya rangi ikishasafishwa kwa dawa za C-41, zile za kawaida za negativu ya rangi, haitakiwi kubaki na fedha ndani yake; chembe za fedha zilizonasa mwanga huondolewa, na pale zilipokuwa hubaki vijiwingu vidogo vya rangi. Palipopata mwanga mwingi, vijiwingu hivyo hulaliana hadi jicho likaona rangi moja laini. Palipopata mwanga hafifu, hutawanyika kama chenga za mchele kwenye sinia tupu, na mapengo yaliyo kati yake ndiyo yanayoonekana kama madoadoa. Ndiyo maana katika negativu ya rangi, yaani filamu iliyosafishwa ambayo rangi zake zimegeuzwa, chenga huanza kujitokeza kwenye vivuli, na filamu iliyonyimwa mwanga haiwezi kuwa laini hata ikiwa ya bei kubwa kiasi gani.

Kwa upande wa filamu zenyewe, Kodak hutumia kipimo ambacho 25 ni mpaka ambao chini yake jicho halioni chenga kwenye picha iliyochapishwa, na tofauti ya 4 ndiyo ndogo kabisa ambayo watu wengi wanaweza kuitambua. Kwa picha ya inchi 4 kwa 6 iliyotoka kwenye filamu ya milimita 35, Ektar 100 ya Kodak, iliyotoka mwaka 2008, iko chini ya 25. Portra 160 ina 28, Portra 400 ina 37, na Gold 200 ina 44. Tazama vizuri hizo mbili za mwisho: filamu ya 400 ina chenga chache kuliko ya 200. Nambari ya ISO kwenye boksi hueleza wepesi wa filamu kupokea mwanga, na ulinganisho wake wa chenga una maana pale tu unapolinganisha filamu za ukoo mmoja. Gold ni filamu nzuri ya bei nafuu na rangi zake zina joto la kupendeza, lakini anayetafuta ulaini asiichukue kwa kudhani kwamba 200 ni lazima iishinde 400.

Ektar ndiyo laini kuliko zote nilizozitaja, ila si ya kila kazi. Rangi zake ni kali. Hupendeza kwenye kanga, mashua na bahari ya saa nne asubuhi, lakini huzidisha wekundu kwenye ngozi nyeupe, na ikikosa mwanga vivuli vyake huelekea ubuluu ambao ni kazi ngumu kuusahihisha. Kwa nyuso za watu mimi huchukua Portra.

Kwenye jua kali la mchana, filamu ya ISO 100 hutosheka kwa tundu la lenzi la f/16 na kasi ya sekunde 1/125, au f/8 na 1/500, kwa hiyo pwani kwetu nje hakuna sababu ya kuiogopa. Tatizo ni vichochoro vya Mji Mkongwe, barazani au ndani ya nyumba. Hapo Portra 400 iliyopata mwanga wa kutosha huishinda kwa mbali Ektar iliyobanwa.

Chukua mfano wa mama aliyevaa buibui jeusi, amekaa kivulini, na nyuma yake kuna ukuta mweupe unaopigwa na jua. Kipima mwanga cha kamera huusoma ukuta, na buibui pamoja na upande wa giza wa uso huishia kuwa chenga tupu. Sogea karibu, pima kivulini alipo, ndipo urudi nyuma upige. Portra 400 mimi huipima kama ISO 200, yaani naipa mwanga mara mbili ya ule iliyoandikiwa, na hata ukiiongezea mara mbili tena itakuvumilia. Ektar sipendi kuizidishia namna hiyo.

Filamu ikitoka kusafishwa, inyanyue dirishani kabla ya kuskani. Tazama sehemu ya kivuli kwenye negativu, kisha tazama ukingo mtupu wa rangi ya chungwa ulio kati ya picha na picha. Vikilingana, basi hapo hapakunaswa kitu, na chochote skana itakachokitoa humo kitakuwa chenga.

Joto nalo huharibu filamu. Kwa Mombasa au Dar es Salaam iweke kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na ukiitoa uiache nje kwanza ipate joto la chumba kabla ya kuifungua. Mwenye kamera ya filamu ya 120, ambayo ni pana zaidi, ana nafuu nyingine, kwani picha ya sentimita 6 kwa 6 ina eneo linalozidi mara tatu na nusu lile la milimita 35, hivyo haikuzwi sana.

Niliwahi kuletewa picha zilizoskaniwa ambazo anga lake la buluu lilikuwa kama msasa, nikailaumu filamu. Baadaye niliiskani negativu ileile mwenyewe, nikiwa nimezima kazi ya skana ya kuongeza ukali wa picha (sharpening), na anga likatoka laini. Negativu ya rangi ina tofauti ndogo ya mwanga na giza, kwa hiyo skana hulazimika kuivuta, na chenga huvutwa pamoja nayo; ukali ukiongezwa juu yake, kila chenga huchongwa. Unapopeleka filamu kuskaniwa, omba wasiongeze ukali, na wakupe faili ya TIFF ya biti 16, inayohifadhi viwango vingi zaidi vya rangi, ikiwezekana. Digital ICE, kazi ya kusafisha picha iliyomo kwenye baadhi ya skana, huondoa vumbi na mikwaruzo, haiondoi chenga.

Kabla ya kununua filamu nyingi, toa mkanda mmoja kwa majaribio: piga sehemu ileile yenye kivuli kwa kipimo cha kawaida, kisha kwa mwanga mara mbili, kisha mara nne, uziskani zote kwa mipangilio ileile na ulinganishe pembe yenye giza zaidi kwa ukubwa wa asilimia 100.