Shawa ya moto ikigoma

Mteja wa mtaa wa Pipeline akinipigia kwamba shawa imekataa kupasha maji, swali langu la kwanza ni: maji yanashuka kwa nguvu? Ndani kuna kiwambo cha mpira ambacho lazima kisukumwe na maji ndipo stima ifike kwenye elementi, ile koili inayopasha maji. Yakidondoka kidogo na baridi, zima swichi kuu, kisha safisha kichujio pale maji yanapoingilia. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Yakija kwa nguvu na bado ni baridi, na stima ipo, shuku elementi. Zima swichi kuu, itoe uitazame: koili iliyokatika huonekana kwa macho. Maji ya kisima yenye chumvi huila elementi haraka, kwa hiyo nunua ile ya maji ya chumvi, hata kama ni ghali.

Harufu ya plastiki kuungua ni jambo zito. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 huvuta takriban ampea 23. Waya wa soketi wa milimita 2.5 mraba si wa kazi hiyo; hupata moto hadi plastiki yake ikaungua. Mimi huvuta wa milimita 6 mraba.

Na mfereji ukikurusha hata kidogo tu, zima swichi kuu, asioge mtu, mwite fundi mwenye leseni apime waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini stima inayovuja.