Somo: Kuotesha Chaya na Kuipika kwa Usalama

Chaya ni mmea wa kichaka unaobaki na majani mabichi mwaka mzima, asili yake ikiwa rasi ya Yucatán huko Meksiko na nchi jirani kama Guatemala, na siku hizi unapatikana pia katika bustani za nyumbani Tanzania na Kenya. Jani lake limegawanyika vidole kama la mpapai, lakini ndugu yake wa karibu ni muhogo. Kama kisamvu, jani bichi la chaya lina kemikali zinazotoa sianidi, ambayo ni sumu, kwa hiyo haliliwi kabla ya kupikwa likaiva.

Hatua ya kwanza ni kipando. Kata shina lililokomaa, urefu wa sentimita 15 hadi 30, na utaona utomvu mweupe ukichuruzika kama maziwa; uangalie usikuingie machoni. Kilaze kivulini siku chache mpaka mkato ukauke, ndipo ukichomeke kwenye udongo usiotuamisha maji. Vipando vyangu vya kwanza vilioza kwa sababu nilivimwagilia kila jioni, nami ninasisitiza jambo hili kwa kila anayeanza: maji kidogo yanatosha mpaka machipukizi yatokee.

Hatua ya pili ni kuvuna, baada ya miezi michache. Chuma majani machanga na ubakize angalau nusu ili mmea usidhoofike. Vaa glavu, kwa kuwa baadhi ya aina zina vinyweleo vinavyowasha, ingawa moto huvimaliza.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito. Osha majani, yakatekate, uyachemshe kwa dakika 20 katika chombo kilicho wazi, kwa maana sianidi huondoka pamoja na mvuke, na ukifunika unaizuia isitoke. Tumia chungu au sufuria ya chuma cha pua. Wapishi wa Meksiko huepuka alumini, wakisema mchuzi wake huharisha. Kisha unga kwa karanga au tui la nazi: chaya ina protini, kalsiamu, chuma na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na viini hivyo mwili huvifyonza vizuri panapokuwa na mafuta. Kamulia ndimu mezani, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kupokea madini ya chuma.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Jirani ananishauri nisage majani mabichi ninywe juisi kila asubuhi. Je, ni sawa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usifanye hivyo. Kusaga ndiko hasa kunakoifungua sianidi ndani ya jani, na hapo hapana moto wa kuiondoa.

Swali: Mama yangu ana kisukari. Anaweza kuacha vidonge atumie chaya?

Jibu: Hapana, dada. Ni kweli kwamba huko Meksiko watu hunywa maji ya majani yaliyochemshwa kwa ajili ya kisukari, lakini matumizi ya kienyeji hayachukui nafasi ya dawa aliyoandikiwa na daktari. Ale chaya kama mboga, aendelee na vidonge, na amweleze daktari wake.

Swali: Baba anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, warfarin. Naye ale?

Jibu: Mboga za majani zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Azungumze na daktari kwanza, na akiruhusiwa, kiasi anachokula kisibadilikebadilike wiki hadi wiki.