Kutoka wazo hadi kifaa mezani: mtego wa mashindano ya ubunifu

Fomu za mashindano huuliza tatizo, soko na bajeti, lakini mbele ya meza yenu majaji wanataka kujua jambo moja: kifaa chenu kinafanya kazi? Basi kabla ya kununua hata waya, andikeni sentensi moja inayopimika kwa namba. "Tunasaidia wafugaji" haipimiki. Matibabu, kifaa cha Uganda kilichoshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2018, kilielezeka kwa maneno machache: kupima malaria bila kutoa damu.

Tuchukue mfano wa kituo cha kukusanyia maziwa karibu na Mbarara, Uganda. Tangi la kupozea linatakiwa kushika nyuzi 4. Umeme ukikatika usiku, hakuna anayejua hadi asubuhi. Sentensi yenu: "Maziwa yakipita nyuzi 6, msimamizi anapata ujumbe ndani ya dakika kumi." Programu ya simu yenye michoro mizuri isubiri.

Vifaa: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo inayoendesha kifaa), sensa ya DS18B20 (kipima joto) isiyopenya maji, rezista ya kilo-omu 4.7 ya waya wa sensa, moduli ya SIM800L inayotuma ujumbe kwa laini ya simu, betri ya 18650 (ya lithiamu, inayochajika) yenye bodi ya kuchaji na ulinzi, kipandisha volti, na kapasita (hifadhi ndogo ya umeme) ya maikrofaradi 1000. Sensa nunueni tatu, maana za bandia ni nyingi.

Zipimeni kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo. Baada ya dakika tano zisome sifuri, zikikosea kwa nusu nyuzi tu. Maji yanayochemka msiyaite nyuzi 100: Kampala, mwinuko wa mita 1,200 hivi, huchemka karibu na 96. Timu isiyojua hili huishia "kurekebisha" sensa isiyo na kasoro.

Tatizo linalokula siku nyingi zaidi ni umeme wa SIM800L. Inapotafuta mtandao huvuta hadi ampea 2 kwa muda mfupi sana, na inataka volti 3.4 hadi 4.4. Mkiilisha kutoka pini ya bodi, itajizima na kuwaka tena bila kukoma, nanyi mtaulaumu msimbo wenu bure. Ilisheni moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mfupi na mnene, kapasita ikiwa jirani na pini zake. ESP32 ipewe kipandisha volti chake hadi 5. Ondoeni namba ya siri ya laini, na antena ikae nje ya tangi. Chuma huzuia mawimbi.

Kwenye msimbo, someni joto kila dakika na mtume ujumbe baada ya masomo matano mfululizo kupita kikomo. Puuzeni 85 na −127: ya kwanza ni namba ya sensa iliyowashwa kabla haijapima, ya pili hutolewa na maktaba ya msimbo (msimbo uliokwisha andikwa wa kusoma sensa) waya ukikatika. Waya uliokatika nao unastahili ujumbe wake. Baada ya tahadhari moja, subirini nusu saa, la sivyo salio litaisha usiku mmoja.

Ikishafanya kazi, iondoeni kwenye ubao wa majaribio, ule ambao nyaya huchomekwa tu bila kulehemiwa. Safari ya boda boda inatosha kulegeza nyaya zote. Lehemuni kwenye bodi yenye matundu. Kishikio cha chuma cha kushikilia kifaa, mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, watawachomelea.

Kama kuna jambo jipya la kulindwa, pelekeni maombi URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, kabla ya maonyesho, kwa sababu kinachoonyeshwa hadharani kinaweza kupoteza upya wake kisheria. Hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) hudumu miaka 20, cheti cha ubunifu mdogo miaka 10. Gawaneni umiliki kwa maandishi siku hiyohiyo, kabla fedha ya zawadi haijaonekana.

Siku ya majaji bebeni chupa mbili za chai, moja ya maji ya barafu, nyingine ya maji vuguvugu. Hamisheni sensa, mpeni jaji simu itakayopokea ujumbe, na wekeni video ya jaribio tayari: ukumbi wenye watu wengi huelemea mtandao.