Kidonda cha ng'ombe: tazama kilipokaa kabla ya kununua dawa

Ng'ombe akitoka vidonda, wafugaji wengi hukimbilia dukani kununua sindano, au humpaka oili chafu ya gari. (Oili iacheni gereji. Inaunguza ngozi na kuficha dalili.) Dawa inaweza kusubiri nusu saa. Mfunge mnyama penye mwanga, mpapase kuanzia masikio hadi chini ya mkia, kisha watazame na wenzake zizini.

Anza na rangi. Kwa Friesian au Ayrshire, ukikuta ngozi ya mabaka meupe imevimba, imekauka na inabanduka kama gome la mti, huku mabaka meusi au mekundu yakiwa mazima, na kidonda kinakoma pale pale rangi inapobadilika, ngozi hiyo imeunguzwa na jua. Lakini shida mara nyingi iko kwenye ini. Ini zima huondoa mwilini masalia ya ukijani wa majani. Likiumia, masalia hayo hubaki kwenye damu, yakifika kwenye ngozi nyeupe jua linaiunguza.

Mshukiwa wangu wa kwanza huwa lantana, ule mmea wa maua ya njano na waridi uliopandwa kuwa ua wa nyumba ukageuka kichaka. Ng'ombe hawaupendi, ila kiangazi nyasi zikiisha huula, hasa mgeni aliyetoka mnadani asiyeujua. Funua kope na midomo: umanjano ndani yake ni dalili ya ini. Utasikia pia kwamba ameacha kula, kinyesi kigumu, na anapiga teke akikamuliwa kwa sababu chuchu nyeupe zimepasuka. Mtoe kwenye malisho hayo, akae kivulini mchana kutwa, apewe nyasi kavu badala ya majani mabichi, na daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo. Sindano ya kidonda haitibu ini.

Kama vidonda havichagui rangi, tumia vidole. Mabonge magumu ya mviringo yaliyotapakaa mwili mzima, pamoja na homa na mitoki iliyovimba, ni ugonjwa wa mapele ngozi. Baadaye bonge hufa katikati, likabaki kama kizibo kinachong'oka na kuacha shimo. Ni virusi vinavyosambazwa na wadudu wanaouma. Mtenge mgonjwa, toa taarifa, usihamishe mifugo. Kinga yake ni chanjo, nayo hutolewa kabla ugonjwa haujafika bandani.

Masika huja na mengine. Magamba mgongoni yanayobanduka na shungi la nywele, mithili ya brashi ya rangi, husababishwa na bakteria wanaopenda ngozi iliyolowa na iliyotobolewa na kupe. Hapo kuogesha kwa dawa ya kupe kunahusika moja kwa moja. Mabaka ya kijivu ya mviringo kuzunguka macho ya ndama ni fangasi. Hao washike kwa glavu, maana huambukiza watu.

Kidonda kimoja tu, begani kwa maksai wa kulima? Kagua nira kwanza.

Ukimpigia simu daktari, mwambie wangapi wanaumwa, walilisha wapi wiki iliyopita na waliogeshwa lini. Mtumie picha mbili: moja ya kidonda kwa karibu, nyingine ya ng'ombe mzima.