Jinsi ya kupiga hesabu ya wanafunzi kwa mwalimu aliyesomea ualimu, kuanzia Tuvalu mpaka shule yetu ya kisiwani

Kijana wangu yuko chuo anasomea ualimu, mwaka wa pili, juzi kanipigia usiku, "Baba shikamoo, nitafutie shule moja ya huko Ukerewe nataka niilinganishe na Tuvalu, kila mwalimu aliyesomea ualimu anabeba wanafunzi wangapi." Nikamuuliza Tuvalu ndo nini. Kumbe ni nchi kabisa, visiwa tisa huko Pasifiki, ardhi yote ikikusanywa ni kilomita za mraba kama 26, watu kama elfu 11 hivi. Nilicheka maana sensa ya 2012 kwetu Ukerewe peke yake, visiwa vya Ziwa Victoria, ilikuta watu zaidi ya laki tatu, lakini kwenye majedwali ya dunia Tuvalu ina mstari wake na sisi hatuna, sisi tumemezwa ndani ya Tanzania nzima pamoja na Dar na Arusha. Basi nikaingia kwenye kazi ya mtoto mpaka nikaielewa kuliko yeye, naandika hapa kwa ajili ya wazazi na wajumbe wa bodi za shule ambao wakisomewa "uwiano wetu ni mzuri" wanapiga makofi tu.

Anza na jedwali. Takwimu za hivi zinakusanywa na ofisi ya takwimu ya UNESCO iliyoko Montreal, Kanada, na Benki ya Dunia nayo inaziweka kwake, zote unazipata kwa simu bure. Sababu ya visiwa vidogo kusemwa sana ni kwamba malengo ya dunia yaliyopitishwa Umoja wa Mataifa 2015, lile namba 4 la elimu, kipengele 4.c kinasema walimu wenye sifa waongezwe mpaka 2030 na kinavitaja visiwa vidogo waziwazi. Sasa ukifungua usikimbilie namba, angalia kwanza mwaka. Nchi ndogo zina mapengo mengi, unakuta mwaka huu wapo, miaka mitatu inayofuata patupu, na mtu anachukua namba ya zamani anaileta kama ya jana. Halafu angalia kama ni sekondari yote au ya chini au ya juu, kwetu tungesema O-level na A-level, maana A-level mara nyingi ina wanafunzi wachache na ukichanganya inapendezesha wastani.

Saa nyingine utakuta uwiano wa kawaida tu, wanafunzi kwa walimu wote, na pembeni asilimia ya walimu waliopata mafunzo, ule unaoutaka haupo. Usihangaike, gawanya. Uwiano ukiwa 20 na waliosomea ni asilimia 80, chukua 20 gawa kwa 0.8 unapata 25. Yaani kila mwalimu aliyesomea kazi anabeba wanafunzi 25. Hakikisha tu namba zote mbili ni za mwaka mmoja na ngazi moja.

Hapa ndo watu wengi wanateleza: aliyesomea ualimu ni nani? Kila nchi ina kiwango chake cha chini, kwa hiyo 25 ya kule na 25 ya huku zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Kwetu sekondari tunazungumzia stashahada au shahada ya ualimu. Lakini wakubwa wenzangu mnakumbuka kipindi shule za kata zinaota kila kona, katikati ya miaka ya 2000, kulikuwa na walimu wa leseni, kijana katoka form six anapigwa msasa wiki chache anaingia darasani. Ukimhesabu yule kama kasomea, shule yako inang'aa. Usipomhesabu, inazama. Watoto ni walewale na chaki ni ileile. Na kuna kundi la pili, mwenye digrii ya uhasibu au ya kompyuta anafundisha hesabu, huyo elimu anayo ila ufundishaji hajasomea, majedwali ya kimataifa yanawatenganisha hawa wawili na wewe watenganishe.

Nchi ndogo ina tatizo jingine la kuchekesha kidogo. Tuvalu sekondari zao zinazojulikana ni mbili, Motufoua ya serikali, ya bweni, iko kisiwa cha Vaitupu, na Fetuvalu ya kanisa iko Funafuti kwenye mji mkuu. Kwa ukubwa huo walimu wachache tu wakienda kusoma nje namba ya nchi nzima inaruka, mtu wa mbali anaandika ripoti eti elimu imeporomoka, wakirudi inashuka tena. Hiyo ndo hali ya shule moja ya kisiwani kwetu pia, kwa hiyo usichukue mwaka mmoja, chukua mitatu au minne uone inaelekea wapi.

Haya, sasa shule yako mwenyewe. Nenda ofisini kwa mkuu wa shule kwa adabu, "Mkuu shikamoo, naomba kuuona ubao wa ikama", yaani ule wa idadi ya wanafunzi na walimu, usiende kama mkaguzi. Utakuta ubao mweusi umepigwa mistari kwa rangi nyeupe, upande mmoja ME KE JML kwa kila kidato, upande mwingine majina ya walimu, elimu, masomo. Nilipoenda mimi kuna jina lilikuwa limefutwa nusu kwa kidole, mwalimu kahama tangu Januari. Ndo maana ubao unausoma ukiwa na mtaaluma, yule mwalimu anayesimamia taaluma, pembeni, jina kwa jina.

Tuchukue mfano, hizi namba nimezitunga ili hesabu ikae vizuri. Wanafunzi 540, majina ubaoni 18. Gawanya, 30. Mkutano wa wazazi unaambiwa mmoja kwa thelathini, watu makofi. Sasa toa mmoja aliyehama, toa wawili walioenda masomoni, wamebaki 15 wanaoingia darasani kweli. Kati yao wawili ni form six wanajitolea na mmoja ni yule wa uhasibu, toa watatu. Wamebaki 12. 540 kwa 12 ni 45. Kutoka 30 mpaka 45 bila mwanafunzi hata mmoja kuongezeka!

Angalizo, usitumie cheki namba, ile namba ya mshahara ya mwajiriwa wa serikali, kama kipimo. Kuna binti anajitolea, ana shahada ya ualimu, anasubiri ajira mwaka wa tatu, analipwa na michango yetu wazazi. Yule kasomea, mhesabu, hata kama serikali bado haijamwajiri. Kwenye ule mfano yumo ndani ya wale 12.

Na 45 siyo idadi ya watoto darasani, hili nililikosea mwenyewe mbele ya bodi nikaaibika. Shule hiyohiyo ikiwa na vyumba sita, kila chumba kina watoto 90, basi. Kila darasa likiwa na vipindi 40 kwa wiki, jumla ni vipindi 240, wale 12 wakibeba peke yao kila mmoja ana 20, wakisaidiwa na wale watatu wanashuka 16, lakini mtoto bado amebanana na wenzake 89. Mwalimu akiongezeka bila chumba kuongezeka, anayepumua ni mwalimu tu. Kwa hiyo kwenye karatasi yako andika vyote viwili, wanafunzi kwa mwalimu na wanafunzi kwa chumba.

Kisha shuka kwenye somo, hapa ndo kwenye uchungu. Hesabu wanasoma wote 540, walimu wa hesabu waliosomea ni wawili, hapo ni 270 kwa mmoja. Fizikia mwalimu mmoja, wanaosoma 310, yaani 310 kwa mmoja, akiugua malaria shule nzima haina fizikia. Historia na Kiswahili wamejaa mpaka wanagawana vipindi. Wastani wa 45 unafunika yote hayo.

Siku ya kuhesabu nayo ina maana. Usiende Jumatatu, ziwa likichafuka mwalimu aliyevuka Ijumaa kwenda Mwanza kwa familia anarudi Jumanne, utamwandika mtoro bure. Nenda Jumatano. Kwa upande wa wanafunzi, ukiangalia daftari la mahudhurio angalia pia mwezi angani, maana wakati wa giza dagaa zinavuliwa usiku na vijana wa form two, three wanashinda mwaloni kwenye mitumbwi, mahudhurio yanashuka na uwiano unakuwa mzuri kwa sababu mbaya. Tumia waliosajiliwa, kisha pembeni andika waliokuwepo siku hiyo.

Ukimaliza iandike kwenye ukurasa mmoja, tarehe juu, majina usiweke, weka idadi tu: ubaoni wangapi, darasani wangapi, waliosomea wangapi, kila somo wangapi, vyumba vingapi. Nakala moja kwa mkuu, moja kwa Afisa Elimu Kata, moja ibaki kwako. Wale wa field, wanachuo wa ualimu wanaokuja kwa mazoezi wiki chache, usiwaweke popote, au kama lazima uwaweke basi waandike kwa penseli.